Walitoa kidole wapate unga, leo wanaambiwa si Wakenya



Leo nataka kuongea juu ya jambo ambalo huku Garissa tunalijua wote lakini tunalisema kwa sauti ya chini. Naliandika kwa sababu ya binamu yangu. Jina lake silitaji, mwenyewe ameniomba, na mkisoma hadi mwisho mtaelewa kwa nini.

Mama yake, ambaye ni mdogo wa mama yangu na mimi namwita habaryar, aliugua. Daktari hapa akasema apelekwe Nairobi. Tukapanda basi asubuhi watu watatu: habaryar, binamu yangu na mimi. Kwenye kizuizi kimoja cha barabarani abiria wakaambiwa washuke, kitambulisho mkononi. Hiyo si habari mpya kwa mtu wa huku. Mimi nikatoa changu, habaryar akatoa chake. Binamu yangu akatoa cheti cha kuzaliwa, cheti cha darasa la nane na nakala ya kitambulisho cha mama yake aliyekuwa amesimama hapo hapo kando yake. Afisa akazigeuza zile karatasi akauliza, "Kitambulisho chako kiko wapi?"

Hana. Ana miaka 26 na hajawahi kupata.

Akashushwa na mkoba wake, akarudishwa Garissa na gari lililokuwa likitoka upande wa pili. Mimi nikaendelea na mama yake. Hospitalini nikaulizwa, "Wewe ndiye mtoto wake?" Nikasema ndiyo. Ningesema nini? Mtoto wenyewe alikuwa nyumbani akipiga simu kila saa, na laini anayotumia imesajiliwa kwa jina langu.

Alhamdulillahi, habaryar alipona akarudi. Lakini lile swali la hospitali halijanitoka kichwani.

Sasa, kwa nini hana kitambulisho? Turudi nyuma hadi mwaka 2011. Mvua zilikuwa zimekosa misimu miwili mfululizo. Julai mwaka huo Umoja wa Mataifa ukatangaza baa la njaa katika sehemu za kusini mwa Somalia, na watu wakawa wanavuka mpaka kila siku kuja Dadaab. Kambi za Ifo, Dagahaley na Hagadera zilianzishwa mwaka 1991 na 1992 kwa hesabu ya watu 90,000. Kufikia wakati ule zilikuwa zinaelekea nusu milioni.

Dunia nzima iliona picha za wale waliovuka mpaka. Lakini ukame hausimami mpakani kusoma kibao. Upande wetu pia, Fafi, Lagdera, Dadaab, hadi Wajir Kusini, mifugo ilikuwa inaanguka. Habaryar alikuwa na mbuzi sitini hivi, wakabaki saba. Mume alikuwa ameshafariki. Watoto watano. Kutoka pale walipokuwa wakiishi, unga, mafuta na maharage vilikuwa kambini, mwendo wa saa chache kwa mguu. Zahanati yenye dawa ilikuwa kambini. Shule isiyodai karo ilikuwa kambini.

Akaenda akapanga foleni pamoja na watoto wake. Wakaandikwa majina. Binamu yangu alikuwa na miaka 12. Akaambiwa aweke kidole kwenye mashine, akaweka. Wakapewa kadi ya chakula.

Miaka sita baadaye akatimiza 18. Akaenda kuomba kitambulisho kama kijana yeyote. Chifu anamjua, wazee wanamjua, shule aliyosomea ina jina lake. Akapigwa msasa na wazee akapita. Akapigwa vidole, akapewa karatasi ya kungojea. Akangoja. Jibu lilipokuja lilikuwa fupi: alama zako ziko kwenye orodha ya wakimbizi. Wewe ni mkimbizi.

Hajui nchi nyingine. Hajawahi kuvuka mpaka wa Liboi hata siku moja.

Na hayuko peke yake. Makadirio yanayotajwa mara nyingi ni kwamba Wakenya 40,000 hivi wamekwama namna hii, wengi wao kutoka kaunti ya Garissa na zile za jirani. Watu wa sheria wanaita hali hii usajili mara mbili. Sisi mtaani tunasema tu "vidole vyake vimekamatwa". Mtu aliyekamatwa vidole hawezi kusajili laini ya simu kwa jina lake, kwa hiyo hana M-Pesa yake. Hafungui akaunti ya benki. Haombi mkopo wa masomo. Haandikwi kazi ya serikali wala ya shirika lenye kufuata taratibu. Hapigi kura. Akitaka kwenda Nairobi anahesabu vizuizi kama mtu anayehesabu madeni.

Najua kuna watakaosema, "Walidanganya. Walijiandikisha wakimbizi huku wakijua ni Wakenya. Wabebe mzigo wao." Hata hapa mjini nimesikia hivyo, tena kutoka kwa watu wanaoswali safu moja na hao wanaowasema. Nataka nijibu bila kuficha kitu.

Ni kweli wazazi walisema jambo lisilokuwa. Na ni kweli si wote walifuata unga. Kuna waliokuwa na buufis, ile hamu ya kwenda ng'ambo inayomshika mtu hadi halali usingizi, wakatumaini majina yao yatatoka kwenye orodha ya kupelekwa Marekani au Canada. Tusijifanye hatujui. Lakini mtoto wa miaka 12 hana alichodanganya. Aliambiwa weka kidole, akaweka. Na mama aliyechagua kati ya kusema ukweli na kulisha watoto watano, mimi simhukumu, kwa sababu sikuwa kwenye ile foleni. Serikali nayo ijiulize kwa nini mwaka ule chakula, dawa na shule vilipatikana kwa urahisi zaidi kwa mtu aliyejiita mkimbizi kuliko kwa raia aliyekuwa kilomita chache tu kutoka hapo.

Halafu tuangalie sheria. Katiba ya 2010, kifungu cha 14, inasema mtu ni raia kwa kuzaliwa ikiwa siku alipozaliwa baba au mama yake alikuwa raia. Kifungu cha 12 kinasema raia ana haki ya kupata hati za usajili. Hakuna mahali Katiba inaposema kwamba kula chakula cha msaada kunafuta uraia. Kama kuna kosa lilifanyika, kosa lina utaratibu wake na adhabu yake, na adhabu hiyo haiwezi kuwa kumfanya mwanao asiwe na nchi.

Kwa sisi Wasomali wa Kenya hili limeingia kwenye kidonda cha zamani. Mkoloni aliifunga NFD, na kuingia na kutoka kulihitaji kibali. Baada ya uhuru vikaja vita vya Shifta, na sheria za hali ya hatari zikakaa juu ya mkoa huu hadi 1991. Novemba 1989 ikatolewa amri kwamba Wasomali wote wa Kenya waliofika miaka 18 wapigwe msasa, na aliyepita akapewa kadi ya rangi ya waridi. Amri ile ilitaja Wasomali peke yao. Wazee wetu wengine bado wanazo zile kadi kwenye masanduku, wameziweka pamoja na hati za mashamba, kwa sababu hawajui lini zitaulizwa tena. Aprili 2014 watu walichukuliwa Eastleigh kwa maelfu wakapelekwa uwanja wa Kasarani wathibitishe wao ni nani. Mwaka uliofuata, Aprili 2, wauaji waliingia Chuo Kikuu cha Garissa wakaua watu 148, na msiba ule ulikuwa wetu pia. Siku chache baadaye kampuni 13 za kutuma pesa, ambazo familia nyingi za huku zilitegemea, zikafungiwa leseni kwa miezi kadhaa.

Kwa hiyo kijana wa hapa anapoambiwa na mashine "wewe si Mkenya", anasikia sauti aliyoisikia babu yake.

Na ukitaka kujua utamu wa hii hadithi, mpeleke huyo kijana Mogadishu. Kule Msomali wa Kenya ana jina lake: anaitwa "Sijui". Kwa sababu akiulizwa kitu hujibu kwa Kiswahili, sijui. Nairobi anaitwa "waria", Mogadishu anaitwa "Sijui". Ukiniuliza mimi, hakuna ushahidi wa uraia wa Kenya mkubwa kuliko kuitwa Sijui na watu wa Mogadishu.

Je, hakuna kilichofanyika? Kimefanyika, na tuseme haki. Serikali iliwahi kuunda kamati za kuchunguza waliosajiliwa mara mbili, maelfu wakajitokeza, na baadhi wakasafishiwa majina na kupata vitambulisho. Mashirika ya haki hapa Garissa, Haki na Sheria likiwa mstari wa mbele, yalipeleka jambo hili mahakamani, na mwaka 2025 Mahakama Kuu ya hapa hapa Garissa ikatoa uamuzi uliowapa walalamikaji haki. Februari mwaka huo huo Rais Ruto alikuja Wajir akatia saini tamko la kuondoa msasa wa ziada kwa watu wa kaunti za mpakani. Siku ile watu walipiga vigelegele, na mimi nilipiga.

Lakini tuelewe vizuri, kwa sababu hapa watu wengi wanachanganya. Msasa wa wazee ni mlango mmoja. Alama ya kidole kwenye orodha ya wakimbizi ni mlango mwingine. Ukiondoa mlango wa kwanza, binamu yangu bado anagonga wa pili, kwa sababu yeye kwa wazee alishapita zamani. Tena tamko la rais si sheria ya Bunge. Limeshapingwa mahakamani, na anayekuja kesho anaweza kutoa tamko lake. Uamuzi wa mahakama nao ni karatasi hadi jina la mtu litoke kwenye mfumo na kadi iingie mfukoni mwake.

Sasa nigeuke upande wetu, na naomba mnivumilie.

Tumezoea kujitetea kwa kusema, "Sisi si wakimbizi!" Ni kweli, lakini sikiliza jinsi tunavyolisema. Tunalisema kama tusi. Wale walioko Ifo na Dagahaley ni nani kama si binamu zetu, ndugu zetu katika dini, na wengine wamezaliwa hapo hapo na sasa wana watoto wao? Serikali imezindua Mpango wa Shirika, mwaka 2025, unaotaka kambi ziwe miji na wakimbizi waishi pamoja na wenyeji. Mimi nauunga mkono. Haki ya Mkenya aliyekwama haipatikani kwa kumkanyaga mkimbizi. Tunachotaka ni kila mtu aandikwe alivyo: mkimbizi apewe haki zake za ukimbizi, raia apewe za uraia.

Jambo la pili ni wazee wetu. Kwa miaka mingi kamati za msasa zilikuwa za watu wetu wenyewe. Nani alikuwa akimuuliza kijana, "Wewe wa ukoo gani, jilib gani?" Afisa kutoka Nairobi hakujua hata neno jilib. Ni sisi tuliouliza. Mtoto wa ukoo mdogo alikuwa anazungushwa. Mtoto asiye na baba alikuwa anazungushwa. Wamunyoyaya wanaolima na kuvua kando ya Tana tangu enzi na enzi, na familia zenye nywele ngumu ambazo tunaziita majina nisiyotaka kuyaandika hapa, wao walizungushwa mara mbili, na serikali na sisi. Na kuna waliotoa kitu kidogo ili wapite. Tusilie ubaguzi wa Nairobi huku wa kwetu tumeukalia kama mkeka.

La tatu ni aibu. Binamu yangu hataki jina lake litajwe kwa sababu anaogopa serikali, ndiyo, lakini zaidi anaogopa mtaa. Ameshakataliwa posa mara moja. Familia ya msichana ilisema, "Tutamwozaje mtu asiye na nchi?" Na habaryar hawezi kuzungumzia mwaka 2011. Jioni moja baada ya kutoka hospitali aliniambia, "Mimi ndiye niliyemshika mkono nikampeleka." Akanyamaza. Wallahi sikujua nimwambie nini. Mama aliyewaokoa watoto wake na njaa anaishi kama mwenye hatia. Hiyo sisi tunaweza kuiondoa bila kusubiri rais wala mahakama.

Na ninyi mlioko ng'ambo, Minneapolis, Toronto, London, Dubai, mnisikilize pia. Ilhan Omar alipokuwa mtoto aliishi miaka minne kambi ya Utango, Mombasa. Aliandikwa mkimbizi. Mwaka 2000 akawa raia wa Marekani, na Januari 2019 akaapishwa kuingia Bunge la huko. Julai mwaka huo umati kwenye mkutano wa siasa ukapiga kelele arudishwe alikotoka, na mliumia nyote, nasi tuliumia. Lakini angalia tofauti. Yeye aliingia kwenye orodha ya wakimbizi akatoka, na leo karatasi ziko upande wake hata wakipiga kelele. Hapa kwetu kuna Mkenya aliyeingia kwenye orodha ile akiwa na miaka 12 na hajaonyeshwa mlango wa kutokea. Hahitaji nchi mpya, anaidai ile aliyozaliwa nayo.

Pesa mnazotuma tunashukuru, nyumba nyingi huku zinasimama kwa hizo. Lakini mara nyingi kijana aliyekwama akiwapigia simu mnamwambia, "Tafuta njia uhame." Atahamaje asiyeweza kuvuka hata kizuizi cha kwanza? Msaidieni namna nyingine. Wengi wenu mnazo picha za zamani, barua, nakala za kipande cha baba na babu, cheti cha shule ya msingi. Hizo ni ushahidi. Pigeni picha, tumeni nyumbani. Changieni nauli na ada za mawakili na za vijana wanaowasaidia watu kujaza fomu. Kama ukimya wenu unatokana na hofu ya karatasi zenu wenyewe, ongeeni kwanza na mwanasheria, sitaki mtu ajiingize matatani. Lakini msikae kimya tu.

Tunadai nini? Nayaweka manne, wazi.

Kwanza, uamuzi wa mahakama utekelezwe, na majina ya Wakenya yatolewe kwenye orodha ya wakimbizi kwa muda uliowekwa tarehe, si "rudi mwezi ujao".

Pili, anayekataliwa apewe sababu kwa maandishi na mahali pa kukata rufaa. Kifungu cha 47 cha Katiba kinampa haki hiyo.

Tatu, aliyeandikishwa akiwa mtoto asihesabiwe kosa la mtu mzima.

Nne, kuondolewa kwa msasa kuwekwe kwenye sheria ya Bunge, ili kusitegemee nani yuko Ikulu. Wabunge wetu wa Garissa, Wajir na Mandera, hii ndiyo kazi yenu. Mwaka 2027 si mbali, mtakuja kutuomba kura. Tutawauliza: na wale wasioweza kupiga kura kwa sababu hamkuwasemea, mliwafanyia nini?

Na sisi wananchi tujue kwamba haki haiji kwa kukaa. Wamakonde wa Kwale waliishi Kenya vizazi na vizazi bila kitambulisho. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kuelekea Nairobi, wazee kwa akina mama, hadi wakasikilizwa, na baadaye wakatambuliwa kama kabila la 43. Hawakuwa wengi kutushinda, wala matajiri kutushinda. Walichokuwa nacho ni kwamba hawakuona haya kusema hadharani, "Hatuna vitambulisho."

Kwa hiyo ninaomba jambo moja wiki hii. Ukimjua mtu aliyekamatwa vidole, iwe ni jirani, mwanafunzi wako wa zamani au mtu wa msikiti wako, mwendee. Usimuulize kwa nini. Muulize ana karatasi gani, muandikie zote kwenye daftari, cheti cha kuzaliwa, cheti cha shule, kadi ya kliniki, kitambulisho cha mzazi, ile kadi ya chakula pia. Kisha mpeleke kwa shirika la haki lililo karibu nawe. Maimamu, mkiweza tengeni dakika tano baada ya Ijumaa kuwaambia watu kwamba hili si aibu.

Mimi nimeshaanza na binamu yangu. Faili lake lina karatasi kumi na nne. Juzi habaryar alileta ya kumi na tano, kadi ya kliniki aliyopewa alipomzaa, imekunjwa mara nne na wino umeanza kufifia, lakini jina la kituo, kata na tarehe vinasomeka. Alikuwa ameificha miaka yote akiogopa itamletea matatizo. Akaniwekea mkononi akasema, "Na hii pia iandike."

Nimeiandika. Allah awafungulie wote waliokwama, na atupe ujasiri wa kusimama nao. Amin.

Mwenye ndugu katika hali hii, tuma ujumbe kwa ukurasa huu. Jina lako halitatajwa. Shiriki ujumbe huu uwafikie wengine.